Kaboni Hulipia Mti, Hailipii Ndovu: Yasome Haya Kabla ya Kutia Saini

Tangu Kanuni za Masoko ya Kaboni za Kenya zichapishwe mwaka 2024, hakuna baraza tunaloitisha upande huu wa Tsavo ambalo suala la kaboni, yaani kuuza vyeti vya hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, halizuki. Jambo hilo linatufurahisha. Wananchi wanataka kujua haki zao, na wengi wanaouliza wana nia njema kwa msitu na kwa wanyama. Lakini kuna dhana moja ambayo tumeisahihisha mara nyingi mno na bado inarudi: kwamba mradi wa kaboni ukija, wanyamapori wamepata mlinzi moja kwa moja. Sivyo.

Tazama jinsi tani ya hewa ukaa inayouzwa inavyopatikana. Mpimaji anasimama kwenye mgunga, anazungusha utepe kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, anaandika namba, anasonga mti wa pili. Namba hizo zinakadiria uzito mkavu wa mti. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kaboni hiyo ikizidishwa kwa 3.67 inakuwa tani za hewa ukaa. Hapo katikati ndovu hajaulizwa, wala twiga, wala ndege aliyejenga juu ya mti huohuo. Msitu unaweza kubaki na miti yake yote, wanyama wakawa wameishia kwenye vyungu vya wauza nyamapori, na hesabu ya tani isitikisike kwa miaka, mpaka mbegu zikose wa kuzisambaza.

Anayetaka wanyama wahesabiwe lazima aombe kipimo kingine. Kipo: kile cha hali ya hewa, jamii na bayoanuwai, kwa kifupi CCB, kinachomtaka mwenye mradi aonyeshe kwa ushahidi kwamba viumbe wamenufaika. Mradi wa ukanda wa Kasigau, ulio kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi kwenye takriban hekta 200,000, ulithibitishwa kwa kipimo hicho pia. Ndio uliokuwa wa kwanza duniani miongoni mwa miradi ya REDD+, yaani ya kuzuia ukataji wa misitu, kupata vyeti vya kaboni chini ya VCS, kipimo cha kimataifa cha kuhesabu kaboni, mwaka 2011. Ila hakuna sheria inayomlazimisha kila mwekezaji afuate CCB. Msipouliza, msishangae akiuleta mkataba usiotaja mnyama hata mmoja.

Sasa lile la ndovu. Mzee mmoja alisimama barazani akasema, "Tunalipwa kwa miti, na ndovu anaivunja. Si anatula hela zetu? Tuwekeeni ua wa kumzuia." Watu walipiga makofi. Hoja yake si ya kipuuzi, na yeyote aliyeuona mbuyu uliochunwa maganda wakati wa kiangazi, nyuzi zikining'inia hadi chini, anamwelewa. Hata wataalamu wa Tsavo walibishana miaka ya 1960 kama ndovu wapunguzwe kwa sababu ya miti, kabla ukame wa 1970 na 1971 haujaua maelfu yao. Lakini ua unaokata njia ya wanyama kati ya mbuga mbili ni hukumu ya kifo wakati wa kiu. Kati ya Februari na Oktoba 2022, ukame uliua ndovu 205 nchini Kenya kwa hesabu ya serikali, na hao ni wale ambao mizoga yao ilionekana. Ndovu hupona ukame kwa kutembea. Mti aliouvunja ndovu huingizwa kwenye vipimo vinavyofuata kama hasara ya kawaida ya msitu. Mwekezaji makini alishaiwekea akiba tangu mwanzo.

Na tafadhali, tusiletewe tena pendekezo la kupanda mathenge, ile miti ya kigeni yenye miiba, "kwa sababu inakua haraka". Waulizeni watu wa Baringo jinsi ilivyovamia malisho yao.

Upande wa utaratibu, someni polepole. Kila mradi wa kaboni lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya EMCA, sheria ya usimamizi wa mazingira ya 1999. Ripoti hiyo ndiyo mahali pa kutaja njia za wanyama na visima vyao, kwa hiyo nendeni mkatoe maoni. Msingoje mashine zifike. Mradi ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi ya ardhi, jamii hupata kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutolewa gharama za uendeshaji. Narudia: baada ya gharama. Anayewaambia mtapata asilimia 40 ya kila shilingi iliyoingia hakusoma sheria, au anataka kura zenu. Na kwenye ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima, kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliundwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Wenye haraka walijionea.

Mzozo ukizuka, unaanza kwenye njia za usuluhishi zilizomo kwenye mkataba, kwa siku 30, kisha unakwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal). Anayefanya biashara ya kaboni bila idhini, au anayetoa taarifa za uongo, au anayechezea vipimo, faini yake inaweza kufika shilingi milioni 500, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Hii inamhusu hata kijana wa kijijini anayeshika utepe akaandika miti ambayo haipo.

Fidia ya madhara yanayoletwa na mnyama ni jambo jingine kabisa. Inatoka kwenye Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na kutia saini mkataba wa kaboni hakuifuti. Aliyefiwa anadai shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3. Ripoti inapelekwa KWS, yaani Shirika la Huduma za Wanyamapori, kisha kwa kamati ya kaunti ya fidia za wanyamapori. Kwa mazao na mifugo, dai linaweza kukataliwa ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kujikinga, hivyo pigeni picha za uzio na za hasara kabla hamjasafisha shamba.

Yule mzee alinifuata nje baada ya baraza. Hakuzungumzia ua tena. Alitaka kujua ndovu akilifukua bomba la maji la kijiji, nani analipa: KWS, mwekezaji, au mfuko wa jamii. Nilimwambia jibu ni lile watakaloandika wenyewe kwenye mkataba. Ule wa kwao ulikuwa bado ni rasimu.