Ndege kutua shambani kwako si kazi, kazi ni kuondoka

Juzi nimepigiwa tena. "Kapteni, nina shamba huku Mufindi, mita mia saba tambarare, greda limeshapita, ndege ndogo si inatua tu?" Inatua ndiyo. Itaondokaje hapo? Hilo haniulizi mtu, na miaka yote naanza kuelezea upya.

Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nakipita haraka: hati ya shamba haikupi anga, nenda kwao kabla hujakodi greda. Vichuguu chimbua mpaka chini maana mchwa hurudi, njia za ng'ombe fukia na ushindilie.

Sasa hesabu. Cessna 172 iliyojaa, usawa wa bahari, lami kavu, hakuna upepo, inataka kama mita 500 tangu inapoanza kukimbia mpaka ipite juu ya kitu cha mita 15. Watu wanaiokota namba hiyo intaneti wanapanda nayo Mufindi. Ukiwa mita 1,800, yaani karibu futi 6,000, kila futi 1,000 unaongeza asilimia 10 juu ya ulichokwisha ongeza, tayari uko 885. Joto la vitabuni kwa mwinuko huo ni nyuzi 3 tu, wewe mchana una 23, na kila nyuzi 10 za ziada ni asilimia 10 nyingine, 1,070. Nyasi fupi kavu asilimia 20, umekaribia 1,300, na hapo sijaweka mteremko, matope wala akiba ya usalama. Una 700 halafu mwisho wake kuna milingoti, ile mikaratusi mirefu!

Hewa ya huku ni nyepesi jamani. Injini inakosa pumzi, panga linalozunguka mbele linakosa cha kusukuma, bawa linakosa cha kuegemea, vyote vitatu kwa mpigo. Na saa ya mwendo haikuambii, inasoma mwendo uleule wa kila siku wakati magurudumu chini yanakimbia zaidi, rubani mgeni anaona mambo sawa huku milingoti inamjia. Kutua kunaongezeka kama asilimia 5 tu kwa futi 1,000 na una breki, ndo maana watu wanadanganyika.

Kinachoninyima usingizi ni udongo. Huwa napita na pikapu kwa kilomita 60 kwa saa, isiporusharusha nasema sawa, lakini gurudumu la mbele la ndege ni dogo na linazama pale ambapo tairi la gari linapita. Kuna viwanja nimevikubali hivyo nikarudi kesho yake kuvikanyaga kwa kisigino hatua kwa hatua, kwa sababu moyo ulikataa.

Mzee mmoja aliniita shambani kwake, nikatua saa tano asubuhi bila shida, akafurahi. Kufika saa nane jua kali, nikamwambia siondoki. "Si imetua mwanangu? Basi itaruka." Nikampeleka mwisho wa kiwanja, nikampa kijiti akipime kivuli cha mlingoti na kivuli cha kijiti, akapiga hesabu mwenyewe: mita 20 na ushee. Akakaa kimya. Nikalala kwake, abiria wangu wawili wakapanda gari mpaka Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, asubuhi saa kumi na mbili na nusu, baridi kweli, nikapunguza mafuta nikabaki peke yangu na ndege tupu, nikaruka.