Je, wajua kwa nini Kenya iliwahi kuwatangazia msamaha waliojiunga na Al-Shabaab?

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab, kundi lenye silaha la Somalia, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, tena mtoto wa chifu kutoka Mandera. Baba yake alikuwa ameshapiga ripoti: kijana haonekani, nahofia amevuka kwenda Somalia.

Tarehe 14 mwezi huohuo, Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, akatangaza msamaha. Aliyejiunga na Al-Shabaab ajisalimishe ndani ya siku kumi. Makaburi bado mabichi, msamaha wa nini tena?

Sababu ni kwamba kundi kama hili hunufaika pale njia ya kurudi inapozibwa. Chukulia kijana wa Kwale aliyeahidiwa kazi, akafika ng'ambo ya mpaka, Somalia, na kupewa bunduki. Akitoroka, wenzake watamwinda kama msaliti, na polisi watamkamata kama gaidi. Mamake anajua aliko, lakini ananyamaza. Atasemaje, naye hajui mwanawe atalala wapi usiku huo?

Na ukimya huo serikali yenyewe ilikuwa imeulisha. Aprili 2014, katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, Wasomali wakiwa wengi, walizolewa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na kwingineko. Wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mzazi aliyeyaona hayo hawezi kukimbilia kituo cha polisi.

Msamaha ulikuwa wazo zuri lenye miguu dhaifu. Tamko la waziri si sheria, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilibaki palepale na vifungo vyake virefu vya jela. Huko Kwale, baadhi ya waliorudi waliuawa kwa risasi, na habari za namna hiyo hufika vijijini haraka kuliko tangazo la waziri.

Septemba 2016 ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa kupambana na itikadi kali. Mwaka uliofuata Kwale ikawa kaunti ya kwanza kuwa na mpango wake yenyewe, uliotayarishwa pamoja na mashirika ya kiraia. Nia, kwa maneno ya mtaani, ni mzazi apate wa kumwendea mapema, awe imamu, mwalimu au mzee wa mtaa, kijana akiwa bado yuko nyumbani.