Bakteria, mchochota na mimba changa

Mimba ikitoka kabla ya wiki ya 13, mama hujiuliza amekosea wapi. Karibu nusu ya mimba hizo hutoka kwa sababu kromosomu za kiinitete zina kasoro tangu mwanzo, na hapo hakuna tahadhari ambayo ingesaidia. Maambukizi ya bakteria husababisha sehemu ndogo tu, lakini kwa kuwa yanatibika, sipendi yapuuzwe.

Wengi hudhani bakteria humshambulia mtoto moja kwa moja. Mara nyingi kinachoiangusha mimba ni mchochota, yaani mwili wa mama unavyopambana na bakteria hao. Kiinitete kina nusu ya vinasaba vya baba, hivyo kinga ya mama hulazimika kukivumilia, na projesteroni, homoni ya mimba, ndiyo husaidia kuituliza. Bakteria wakifika kwenye ukuta wa mji wa mimba, seli huwatambua na kumwaga kemikali za tahadhari, kama TNF-alfa na IL-6. Utulivu ule huvurugika, na damu huweza kuganda kwenye mishipa midogo ya kondo. Prostaglandini, kemikali nyingine za mwili, nazo huukaza mji wa mimba na kulainisha mlango wa kizazi. Hapo ndipo tumbo huanza kunyonga na damu kutoka.

Bakteria wengi hupanda kutoka ukeni. Laktobasili, bakteria wema wa uke, wakiwa wengi, pH (kipimo cha uasidi) ya uke hubaki chini ya 4.5, wakipungua, bakteria wabaya kama Gardnerella hutawala. Dalili ni ute mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki. Tiba ya kawaida ni metronidazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku 7. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni huwafukuza laktobasili haohao tunaowahitaji, acha kabisa.

Wengine hupitia kwenye damu. Listeria, bakteria wa kwenye chakula, huota hata kwenye jokofu, na mama anaweza kupata homa ndogo tu huku kondo likiathirika. Pasha kiporo mpaka kitoe mvuke kote. Kaswende hupimwa hudhurio la kwanza la kliniki, wala isisubiri dalili.

Maambukizi ya mkojo nayo hupimwa kwa sampuli, na sampuli hiyo ina mtego wake. Jisafishe, mwaga mkojo wa kwanza, kinga wa katikati kwenye kopo safi lisilo na vijidudu, ufike maabara ndani ya saa 2. Ukimeza antibiotiki kabla ya kutoa sampuli, maabara huenda isioteshe kitu, na usijue dawa ipi inafaa.

Kwa aliyepoteza mimba mara kwa mara, ningefikiria mchochota sugu wa ukuta wa mji wa mimba. Huu hauna homa na mara nyingi hauumi. Hukatwa kinyama kidogo cha ukuta na kupakwa rangi ya CD138 inayofichua seli plazma, aina ya seli za kinga. Zikionekana, hutumika doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 14, kabla ya kushika mimba nyingine. Dawa hii haifai kwa mjamzito.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kutokwa damu, au uchafu unaonuka, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Mabaki ya mimba yenye usaha hayaponi kwa vidonge: antibiotiki hupitishwa kwenye mshipa, na mji wa mimba husafishwa.