Wilichea ya umeme sio dawa ya mgongo wa mhudumu

Watu kibao bado wanaamini ukishaleta wilichea ya umeme kwenye makao ya wazee basi mhudumu kapumzika, kusukuma kumeisha na mgongo umepona. Hapana jamani. Kusukuma ni kazi kweli, ila kinachomaliza mgongo hasa ni kumtoa mzee kitandani umweke kitini, kutoka kitini umpeleke chooni, umrudishe tena, mara kadhaa kwa siku, na hapo mota haikusaidii kitu.

Halafu kiti chenyewe na betri zake mara nyingi kinapita kilo 100. Kikizima kwenye korido kuna leva ya kuachia mota ukisukume kwa mkono, ila ukishaiachia breki ya mota nayo haishiki, kwenye mteremko hapo ni balaa.

Wajapani hili walishaliona. Mwaka 2013 wizara yao ya afya na kazi ilitoa mwongozo kwamba wahudumu kimsingi wasiwanyanyue watu kwa mikono, na kampuni ya Panasonic walibuni kitu kinaitwa Resyone, kitanda cha umeme ambacho nusu yake inachomoka inakuwa wilichea, mzee hanyanyuliwi kabisa (hiyo ndo akili bwana).

Sasa anayebuni kiti akimfikiria mhudumu ataanza na vitu vya kawaida tu: egemeo la mkono linalofunguka pembeni, siti inayopanda hadi usawa wa godoro, na joistiki (kile kifimbo cha kuendeshea kiti) ya pili kule nyuma kwa ajili ya mhudumu. Spidi baadaye.