Ofseti ya kaskazini ni nini? Kwa anayefunga sensa ya upepo

Kwanza tuelewane, sensa ninayoongelea hapa sio ile ya watu na makazi ya 2022, ni kile kidude kinachokaa juu ya bomba, vikombe vitatu vinazunguka vikipima kasi, na pembeni yake kuna mkia kama wa samaki unaoonyesha upepo unatokea wapi. Wengi wakifunga wanahangaika na vikombe kwa sababu ndio vinaonekana vinafanya kazi, mkia wanaufunga tu ulivyokaa, halafu wiki ya pili wanaanza kulalamika mashine mbovu. Mashine nzima, tatizo ni ofseti.

Ofseti ya kaskazini ni idadi ya digrii unazoiambia mashine iongeze kwenye kila usomaji wa mkia ili sufuri ya kifaa ilingane na kaskazini ya kweli. Basi. Kifaa chenyewe hakijui kaskazini iko upande gani wa dunia, ndani ya vile vya kawaida kuna rizista ya kuzunguka kama ile ya kuongeza sauti kwenye redio za zamani, mkia ukigeuka volti zinabadilika, kwa hiyo anachojua yeye ni "nimegeuka robo ya mzunguko kutoka kwenye alama yangu". Hiyo alama ipo kwenye kiwiliwili, herufi N au kamstari kadogo, sasa wewe ukiielekeza mashariki basi kwake yeye mashariki ndio kaskazini na wala hakubishii.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Nilifunga moja kwenye shamba la zabibu huko Hombolo, Dodoma, mzee mwenye shamba alitaka kujua upepo kabla ya kupuliza dawa maana dawa ikipeperuka inaishia kwenye mboga za jirani na maneno yanaanza. Nimemaliza, skrini inasoma 5, yaani upepo wa kaskazini, mimi nimeridhika nakunja waya. Mzee akaangalia skrini, akaangalia njia ya ng'ombe, akaniambia, "Kijana wangu, hiki kinasema upepo unatoka kaskazini, mbona vumbi la ng'ombe linatuingia machoni toka mashariki?" Shikamoo zote niliishiwa. Dodoma sehemu kubwa ya mwaka upepo unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, mtu aliyekulia pale hahitaji mkia kumwambia hilo. Alama ya N nilikuwa nimeielekeza kule jua linakochomoza, eti kwa sababu kebo ilikuwa inatokea vizuri upande ule.

Hapo kuna jambo moja linachanganya watu. Mwelekeo wa upepo unataja unakotoka, sio unakokwenda. 90 maana yake unatoka mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Sisi Waswahili hili halipaswi kutusumbua hata kidogo maana kaskazi ni upepo unaotoka kaskazini na kusi unatoka kusini, majahazi yamelijua hili karne na karne kabla ya hizi skrini. Ila mtu akiona kichwa cha mkia, yaani ile ncha yake ya mbele, kinachungulia mashariki anadhani upepo unaelekea huko, kumbe kichwa siku zote kinaukabili upepo, lile bapa la nyuma ndio linasukumwa.

Sasa ofseti unaipataje? Usikimbilie dira ya simu ukiwa umesimama juu ya mabati umekumbatia bomba la chuma, chuma kinaivuta dira na utapata kaskazini ya bati lako. Njia ninayoipenda ni ya ramani. Fungua picha ya setilaiti kwenye simu, tafuta kitu cha mbali unachokiona kwa macho kutoka pale ulipo, mnara wa simu, tenki la maji, chochote kisichohama, pima mstari kutoka kwenye bomba lako mpaka pale ni digrii ngapi kutoka kaskazini. Pale Hombolo ilikuwa 212. Panda, shika mkia kichwa chake kiuelekee ule mnara barabara, mtu wa chini akusomee skrini. Mzee akanisomea, "122." Basi 212 toa 122 ni 90, hiyo ndio ofseti, unaiingiza kwenye programu na biashara imeisha. Ikitokea jumla imepita 360 unatoa 360, mfano 300 ukiongeza 90 unapata 390, jibu ni 30. Unaweza pia kulegeza boliti ukageuza kiwiliwili mpaka N itazame kaskazini, ofseti inabaki sufuri, mimi kwa sasa naona hiyo ndio safi zaidi kwa sababu kesho programu ikifutika huna cha kukumbuka.

Na kuna vile vituo vya kisasa vya kila kitu kimoja, vyenye kisola juu. Vingi maelekezo yake ni kwa ajili ya watu wa kaskazini mwa ikweta, kwamba sola itazame kusini. Dodoma tuko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sola yetu itazame kaskazini, na kwenye baadhi yake kuna sehemu ya kuchagua kama uko kaskazini au kusini mwa ikweta, ukiigeuza sola bila kubadili hapo mwelekeo wote unapinduka digrii 180, mashariki inakuwa magharibi.

Kosa la pili la mwelekeo liko kwenye wastani. Upepo ukicheza kati ya 350 na 10, yaani kaskazini kabisa, programu ya kujiandikia mwenyewe ikijumlisha na kugawa kwa mbili inapata 180, kusini! Kaskazini imegeuka kusini kwa hesabu ya darasa la nne. Dawa yake ni kuugawa kila usomaji vipande viwili, cha kaskazini-kusini na cha mashariki-magharibi, unatafuta wastani wa kila kipande ndipo unarudisha kuwa digrii. Kama dataloga, kile kifaa cha kuhifadhi vipimo, ni ya kununua, mara nyingi inafanya hivyo yenyewe.

Kasi sina mengi. Vikombe vinapiga swichi ya sumaku, mashine inahesabu mapigo, kuna aina moja ya bei rahisi ambayo pigo moja kwa sekunde ni km 2.4 kwa saa, ukiweka namba ya aina nyingine kila kitu kinakuwa uongo hata kama vikombe vinazunguka kama pia. Angalia na vipimo, mita 1 kwa sekunde ni km 3.6 kwa saa, kwa hiyo ule upepo wa kilomita 40 kwa saa tunaousikia kwenye tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ni kama mita 11 kwa sekunde. Kama sensa yako inatuma usomaji kwa waya mbili zilizoandikwa A na B na haitoi kitu, jaribu kuzibadilisha kabla hujamtukana muuzaji.

Kiwango cha kimataifa cha kufunga sensa ya upepo ni urefu wa mita 10 toka ardhini, na kiwe mbali na kizuizi angalau mara kumi ya urefu wa hicho kizuizi, mwembe wa mita 6 ukae mita 60 mbali. Shambani nani ana nafasi hiyo, sisi tuliweka bomba la mita 6 katikati ya mizabibu na mzee anajua kwamba namba zake ni za shamba lake, sio za uwanja wa ndege.

Siku ile kabla sijashuka nilipiga mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye klempu, kile kishikizo cha sensa, mpaka kwenye bomba. Nikamwambia mzee ukiona mstari umekatika ujue upepo umekizungusha, nipigie.