Vifereji vya vidole kwenye kishikio cha upinde: vinamfaa nani?

Mtu akiushika upinde dukani kwa mara ya kwanza, hukunja vidole na kukaza. Kishikio chenye vifereji vya vidole humpokea vizuri papo hapo: kila kidole kinapata mahali pake, mkono unajaa, na mteja anaamini kwamba upinde huu umetengenezwa na mtu aliyemfikiria. Wanafunzi wangu wengi huanza na pinde za mitumba kutoka Ulaya na Marekani, na wakinionyesha walichonunua swali huwa lilelile: "Kocha, huu una sehemu za vidole kabisa, si ndio bora zaidi?"

Mimi nafundisha kupiga mishale kwa pinde za jadi, yaani zile zisizo na magurudumu wala kifaa cha kulengea, na ninachonga na kurekebisha vishikio. Jibu langu kwa wengi wao ni kwamba vifereji hivyo vinawadhuru. Wapo wachache ambao vinawafaa, nao nitawafikia.

Kwanza tuangalie mkono unafanya nini upinde ukiwa umevutwa. Panga usipolishika litachomoka, kwa hiyo mpini wake una haki ya kudai vidole. Upinde uliovutwa hauna pa kuchomokea, kwa sababu unakuja kwako. Kadiri unavyovuta ugwe, yaani kamba inayousukuma mshale, ndivyo kishikio kinavyokisukuma kiganja, na nguvu hiyo, iwe pauni 30 au 60, inapita karibu yote kwenye sehemu moja iliyoingia ndani, ambayo mimi huiita shingo ya kishikio. Mkono ukikaa vizuri, shingo hiyo inatua kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa ule mstari mkubwa wa kiganja unaolizunguka gumba. Kutoka hapo msukumo unaingia moja kwa moja kwenye mifupa ya mkono hadi begani. Vidole vinne vilivyobaki havibebi kitu. Ukiwa na kamba ya kufunga upinde kwenye kifundo cha mkono ili usianguke baada ya kupiga, unaweza kuviachia vyote vining'inie na mshale ukaenda vizuri tu.

Kwa maneno mengine, vifereji vinaipanga ile sehemu ya mkono isiyo na kazi, na kuiacha yenye kazi ijitafutie pa kukaa.

Kama ingekuwa hiyo tu, tungesema havina faida wala hasara. Lakini vina hasara, na kubwa zaidi ni mwelekeo wake. Mkono ukiuacha utulie wenyewe kwenye kishikio laini, vifundo vya vidole hulala mshazari, kama digrii 45 hivi kutoka wima, na vidole vinakatiza kishikio kwa kuteremka. Vifereji vingi vimechongwa mlalo kabisa. Ili vidole vitoshee humo, lazima uuzungushe mkono mpaka vifundo visimame karibu wima. Ukifanya hivyo kiganja kinazama ndani, shingo ya kishikio inahama kutoka kwenye nyama ya gumba kuelekea katikati, na upande wa ndani wa mkono unaingia kwenye njia ya ugwe. Ndipo anakuja mtu na mchirizi mwekundu kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, anataka kinga nene zaidi ya ngozi. Kabla ya kumuuzia kinga, mwombe akuonyeshe upinde wake.

Hasara ya pili ni kukaza. Kidole kikiona shimo lililochongwa kwa ajili yake, kinalishika. Ndivyo kilivyozoea maisha yake yote. Na vidole vikikaza, vinavuta upande mmoja tu wa kishikio, kwa sababu vimetokea upande mmoja wa kiganja. Upinde unajisokota kidogo ugwe unapoachiwa. Mshale wa upinde wa jadi hutumia takriban milisekunde 15 hadi 20 kusukumwa na ugwe kabla ya kuachana nao, wakati mwanadamu huhitaji kama milisekunde 200 kuitikia jambo lolote. Hakuna nafasi ya kusahihisha chochote katikati. Na kosa dogo linalipwa ghali: mshale ukitoka umepotoka kwa digrii 1, kwenye mita 20 utatua sentimita 35 pembeni. Mbaya zaidi, watu hawakazi kwa nguvu ileile kila mara. Mshale wa kwanza wa asubuhi na wa mwisho kabla ya kurudi nyumbani huwa na misokoto miwili tofauti, na mpigaji anabaki kuulaumu mshale.

Halafu kuna hesabu ya vipimo. Tuseme aliyechongewa upinde alikuwa na vidole vinene kuliko vyako kwa milimita 2 tu. Kifereji cha kwanza kitakukaa sawa. Kufika cha nne umeshakosea milimita 6, na tuta lililo kati ya vifereji viwili limekaa chini ya mfupa wa kidole chako badala ya katikati ya vidole. Hapo mkono una njia mbili: kupanuka kwa lazima, au kupanda juu ya tuta na kuinamia upande. Vaa glavu, vipimo vyote vinabadilika. Piga mishale saa nane mchana kwenye joto la pwani, mikono ikiwa imevimba na jasho, navyo vinabadilika tena. Kwa upinde wa klabu unaopita mikononi mwa vijana kumi, sioni sababu hata moja ya kuwa na vifereji, na inanishangaza kwamba pinde nyingi za plastiki za watoto huja navyo.

Sasa niseme haki ya upande wa pili, kwa sababu wapo wapigaji wazuri wanaovitetea na si wajinga. Hoja yao yenye uzito ni ya juu na chini. Ukiegemeza msukumo chini ya kishikio leo na juu kesho, unabadilisha jinsi bawa la juu na la chini la upinde (nusu zake mbili zinazopinda) yanavyogawana mzigo, na mishale inapanda au kushuka bila sababu unayoiona. Kifereji kinauzuia mkono usiteleze kwenda juu au chini. Hilo ni kweli. Lakini kazi hiyo haihitaji vifereji vinne. Kibonde kimoja cha wastani chini ya kidole cha shahada, au shingo iliyoingia ndani kidogo upande wa kiganja, kinatosha kukuambia umefika. Vilivyobaki ni pambo, na pambo linalokuvuta mkono.

Hata mafundi wa zamani hawakuviacha kwa kukosa ustadi. Upinde wa kijiti kimoja, kama wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, hauna kishikio kilichotengwa; ni ufito uliochongwa, na mkono unashika katikati. Katika mabaki ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545, zilipatikana pinde ndefu zaidi ya 130, nazo ni fito tupu vilevile. Upande wa upinde unaotazama shabaha ndio unaonyooshwa unapovuta. Nyuzi za mti za upande huo zinabeba mvutano mzima, na vidole vinakunjwa upande huohuo. Chonga vifereji hapo umezikata nyuzi kwa kukingama, na kwenye upinde unaopinda hadi katikati umechagua mwenyewe mahali pa kuvunjikia. Vifereji viliwezekana kirahisi pale tu sehemu ya kati ilipofanywa nene na ngumu kiasi cha kutopinda kabisa, kama ilivyo kwenye pinde za kisasa za mbao na nyuzi za kioo.

Wajapani wanaisukuma hoja hii mbali zaidi. Upinde wao wa kyudo, yaani upigaji mishale wao wa jadi, una urefu unaozidi mita 2, na hushikwa karibu na theluthi ya chini, si katikati. Baada ya mshale kuondoka, upinde wenyewe huzunguka ndani ya mkono mpaka ugwe unafika nyuma ya kifundo. Kishikio kimefungwa ngozi tu. Ukiweka vifereji hapo umeua mtindo mzima, maana ustadi wanaoufundisha kwa miaka ni wa namna nyama ya gumba inavyosukuma huku vidole vikitulia.

Na ukitaka ushahidi wa watu wasio na mapenzi na mila, watazame wanaoshindana Olimpiki. Wanapiga kutoka mita 70, duara la alama 10 likiwa na upana wa sentimita 12.2. Vishikio vyao vinatoka na kuingia, wanavipiga tupa, wanavibandika puti, wanaviongezea mwinuko kadiri wapendavyo. Kazi hiyo yote wanaifanya upande wa kiganja. Upande wa vidole wanauacha mtupu, na badala ya kukaza wanafunga kamba.

Basi vinamfaa nani? Mtu mwenye upinde wake peke yake, aliyechongewa kwa mkono wake akiwa ameshajua anavyoshika, na vifereji vikafuata mshazari wa vidole vyake badala ya mlalo. Viwe vya kina kifupi, kiasi kwamba kidole kinahisi bila kunaswa. Vinaweza pia kumfaa anayeshika chini kabisa, kiganja chote kikiwa kimelala kwenye kishikio kilichonyooka, namna mtu anavyobeba sanduku la safari. Huyo vidole vyake tayari vimezunguka, na kukaza kwake kidogo ni sehemu ya mtindo wenyewe. Howard Hill, Mmarekani aliyepata sifa kubwa karne iliyopita kwa upinde mrefu, alishika karibu hivyo, ingawa kwenye kishikio cha ngozi kisicho na vifereji.

Kama tayari unao upinde wa namna hii usiukimbilie na tupa. Paka masizi au chaki kwenye kishikio, piga mishale michache, kisha tazama kiganja. Alama nzito ikiwa kwenye nyama ya gumba, uko salama; ikiwa katikati ya kiganja au chini ya kidole kidogo, mkono umevutwa na vifereji. Halafu piga seti nyingine vidole vikiwa vimelegea juu ya matuta bila kuingia mashimoni, kamba ikiwa kifundoni. Mishale ikikusanyika vizuri zaidi hivyo, umeshajibiwa.

Kuviondoa kuna njia mbili. Kishikio cha mbao tupu kinakubali tupa ya nusu duara, kisha msasa: unashusha matuta, huchimbi mashimo. Kabla ya hapo kagua kwa makini kama kuna tabaka la nyuzi za kioo linalopita upande wa mbele wa kishikio, kama ilivyo kwenye pinde ndefu nyingi za kisasa. Likiwepo usiliguse, maana hilo ndilo linalobeba mvutano. Vaa barakoa, vumbi la kioo ni baya, na la mpingo pia huwasha watu wengi. Usipotaka kukata chochote, jaza mashimo kwa puti inayobanduka, isawazishe, kisha funga ngozi nyembamba juu yake. Mimi hupenda njia hii ya pili kwa pinde za zamani zenye thamani, kwa sababu mwenye upinde akibadili mawazo anaweza kuibandua na kuurudisha ulivyokuwa.