Askari Anaposhtakiwa: Mahakama ya Kijeshi Nchini Kenya

Wananchi wengi hudhani kwamba askari akikosea, mkubwa wake humwadhibu apendavyo na mambo yakaishia kambini. Dhana hiyo ina chembe tu ya ukweli. Makosa madogo, tuseme la askari aliyepewa likizo ya siku 14 akaripoti siku ya 17, huweza kusikilizwa na kamanda wa kikosi chake, ambaye hutoa adhabu ndani ya mipaka iliyowekwa na Sheria ya Vikosi vya Ulinzi ya mwaka 2012. Ila askari huyo huyo akiondoka kwa nia ya kutorudi, kosa lake ni kutoroka jeshi, na hapo shauri huwa la mahakama ya kijeshi.

Ibara ya 169 ya Katiba ya 2010 inaitaja mahakama hiyo miongoni mwa mahakama za chini, sambamba na za mahakimu na za Kadhi. Kikao huongozwa na hakimu, au wakili mwenye tajriba ya miaka isiyopungua 10, aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Chini ya sheria ya zamani, ambayo kwayo walihukumiwa walioshiriki jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mwanasheria huyo alikuwa mshauri tu, na kiti kilikaliwa na afisa wa jeshi. Kwa maoni yangu, hakuna badiliko lililozidi hilo kwa uzito. Pamoja naye huketi wanajeshi wasiopungua 5 mshtakiwa akiwa afisa, na wasiopungua 3 akiwa wa cheo cha chini.

Lipo jambo ambalo hata mawakili hulichanganya. Ibara ya 24 inaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi haki kadhaa, zikiwemo za faragha, maandamano na hata baadhi ya zile za mtu aliyekamatwa. Haki ya kusikilizwa kesi kwa usawa haimo, kwani Ibara ya 25 inaikinga isiguswe. Kwa hiyo askari aweza kukatazwa kuandamana, lakini hawezi kunyimwa wakili wala nafasi ya kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka.

Kinga hiyo si ya mapambo, maana adhabu zenyewe ni kali: mwaka 2014, mahakama iliyoketi Mtongwe, Mombasa, iliwafunga maisha wanamaji zaidi ya 20 kwa kutoroka jeshi. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, mbele ya majaji wale wale wanaosikiliza rufaa za raia.